GBS katika mimba ya pili: masaa manne, na bahari iliyo katikati

Mwanamke aliyeambiwa katika mimba ya kwanza kwamba ana GBS, bakteria wanaoweza kumwambukiza mtoto anapozaliwa, huingia mimba ya pili na swali moja: bado ninao bakteria hao? Nitalijibu. Lakini kwa mama wa Lamu, hasa aliyeko Faza, Siyu, Kizingitini au Kiunga, liko swali jingine lenye uzito zaidi, nalo ni la saa kuliko la maabara. Dawa inayomkinga mtoto ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Inachodai ni muda: iingie kwenye mshipa wa mama angalau masaa manne kabla ya mtoto kutoka. Na uchungu wa mimba ya pili kwa kawaida hauna subira. Kifungua mimba anaweza kumkesha mama mchana kutwa na usiku wake. Mdogo wake, uchungu ukianza baada ya Isha, kabla ya adhana ya Alfajiri huenda yuko kwenye kanga.

Ukijumlisha masaa manne ya dawa, uchungu wa haraka na safari ya chombo, utaona kwa nini mpango wa mimba ya pili hauwezi kuwa nakala ya ule wa kwanza.

Bakteria wenyewe

GBS ni kifupi cha streptokokasi wa kundi B. Makundi hayo aliyapanga mwanasayansi wa Marekani, Rebecca Lancefield, mwaka 1933. Wa kundi A ndio wanaoleta maradhi ya koo. Wa kundi B wakati huo walijulikana zaidi kwa kuwavimbisha ng'ombe viwele. Ilichukua hadi miaka ya 1970 kukubalika kwamba ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa watoto wachanga.

Makazi yao ni utumbo. Kutoka huko husogea hadi ukeni, wakakaa kimya. Mama hawashwi, hatokwi na uchafu, haumwi. Hauhesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa, mume hatibiwi, wala si dalili ya kutojisafisha. Nalisisitiza hili kwa sababu karatasi ya maabara ikifika nyumbani bila maelezo, yenye maneno marefu na alama ya kujumlisha, inaweza kuzusha ugomvi usio na msingi wowote.

Duniani, karibu mama mjamzito mmoja kati ya watano anao. Namba za hapa kwetu pia zipo. Kati ya 2011 na 2013 watafiti wa programu ya KEMRI na Wellcome Trust iliyoko Kilifi waliwapima kina mama karibu 8,000 waliojifungua Pwani ya Kenya, na matokeo yakachapishwa 2016: takriban 12 kati ya kila 100 walikuwa nao. Malindi imo ndani ya kaunti hiyo ya Kilifi, na Lamu haiko mbali. Sioni sababu ya kudhani kwamba ukivuka Mto Tana mambo hubadilika sana.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba bakteria hawa wanahusiana na watoto kuzaliwa wakiwa wamekufa, mbali na wale wanaougua baada ya kuzaliwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba kila mwaka GBS huchangia vifo vya karibu watoto wachanga 100,000 na watoto wasiopungua 46,000 wanaozaliwa wafu, karibu nusu ya mzigo huo ukiwa Afrika kusini mwa Sahara. Dripu ya wakati wa uchungu haimfikii mtoto aliyefia tumboni kabla uchungu haujaanza. Ndiyo maana watu wanahangaikia chanjo ya kumpa mama mjamzito; zimejaribiwa kwa kina mama, wakiwemo wa Afrika Kusini, lakini bado hakuna iliyofika kliniki. Kwa hiyo kila nitakachoeleza hapa chini kinahusu sehemu moja tu ya tatizo, ile inayozuilika: mtoto anayeambukizwa akiwa njiani kuzaliwa na kuugua katika wiki ya kwanza.

Njia ni hii. Chupa ikipasuka, au hata kabla, bakteria hupanda hadi kwenye maji yanayomzunguka mtoto, au mtoto huwakuta anapopita. Bila dawa, karibu nusu ya watoto wa mama wenye GBS hutoka nao mwilini, na walio wengi sana hawaugui kamwe. Wachache huvuta maji hayo mapafuni, bakteria wakaingia damuni, na kwa hao mambo huenda mbio. Wengi wa wanaougua mapema huonyesha dalili ndani ya masaa 24 ya kwanza, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 yuko hatarini zaidi kuliko aliyetimiza.

Nusu kwa nusu

Bakteria hawa huja na kuondoka. Mtu anaweza kuwa nao mwezi wa Rajabu, asiwe nao Shaabani, wakarudi Ramadhani. Kwa hiyo karatasi ya mimba ya kwanza haitoshi kukuambia habari za mimba hii. Mwongozo wa 2017 wa chuo cha madaktari wa uzazi cha Uingereza unasema mama aliyekutwa nao mimba iliyopita ana uwezekano wa takriban 50 kwa 100 wa kuwa nao tena.

Mwongozo huo unaendelea na hesabu ambayo naiona ya manufaa kwa mama anayepima shauri lake. Aliyekuwa nao mimba iliyopita na hakupimwa tena katika hii, hatari ya mtoto wake kuugua mapema ni kama 1 kati ya 700 hadi 800. Akipimwa mwishoni mwa mimba na kukutwa nao, inapanda hadi kama 1 kati ya 400. Akipimwa na kukutwa hana, inashuka hadi kama 1 kati ya 5,000. Hizi ni namba za Uingereza na hospitali zake, kwa hiyo usizichukue kama za Faza. Tazama tu pengo lililopo kati ya ile ya pili na ya tatu. Kipimo kimoja kinamtoa mama kwenye mashaka, ama kikamwondolea dripu asiyoihitaji, ama kikampa sababu nzito ya kupanga safari yake mapema.

Yote hayo ni kwa mama aliyebeba tu bakteria na mtoto wake akawa mzima. Ikiwa mtoto wa kwanza aliugua GBS, iwe ni wiki ya kwanza au baadaye, hakuna haja ya kupima tena. Uingereza na Marekani zinakubaliana hapa: mama huyo hupewa antibiotiki kwenye uchungu wa kila mimba inayofuata. Vivyo hivyo mama ambaye katika mimba hii hii bakteria hawa wameonekana kwenye mkojo. Kuwepo kwao kwenye mkojo ni ishara kwamba ni wengi. Ikiwa ana maambukizi ya njia ya mkojo hutibiwa wakati huo, lakini dripu ya uchungu bado inamngoja. Kijiti cha mkojo kinachobadilika rangi pale kliniki hakiwezi kuwataja bakteria kwa jina, lazima mkojo uoteshwe maabara.

Nchi hizo mbili hazikubaliani katika kila kitu. Marekani hupima kila mjamzito katika wiki ya 36 au 37, na tangu zianze juhudi hizo magonjwa ya wiki ya kwanza yameshuka kutoka karibu watoto 1.8 katika kila 1,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 0.23 mwaka 2015. Uingereza haipimi wote. Hutazama nani yuko hatarini. Kenya nayo, kliniki ya umma humpima mama damu, kundi la damu, virusi vya ukimwi, kaswende na mkojo, lakini GBS haimo katika vipimo vya kila mtu. Maana yake kwa mama wa mimba ya pili ni kwamba asipolitaja jambo hili yeye mwenyewe, kuna uwezekano mkubwa hakuna atakayelitaja.

“Walisema infekshen”

Hapa ndipo penye kiza kikubwa, na kwa maoni yangu ndipo pa kutumia nguvu nyingi zaidi. Miongozo ya ng'ambo inamfikiria mama anayejua historia yake. Mama wetu mara nyingi hajui. Mazungumzo ya kliniki huenda hivi:

“Mtoto wa kwanza alipata nini, mama?”

“Walisema infekshen, sista. Akalazwa nasari wiki nzima, akidungwa asubuhi na jioni.”

“Infekshen ya nini?”

“Ya damu. Au ya kifua. Baba yake ndiye aliyezungumza na daktari.”

“Karatasi ya kutoka unayo?”

“Iko kwa mama mkwe, labda.”

Mtoto mchanga anayehema kwa shida huanzishiwa penisilini na gentamisini bila kungoja jina la bakteria, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kungoja kunaua. Lakini damu isipochukuliwa na kuoteshwa kabla ya dawa, jina hilo halitajulikana milele. Mtoto anapona, karatasi inaandikwa maambukizi ya damu, basi. Huenda ilikuwa GBS. Huenda ilikuwa bakteria mwingine kabisa. Hapa kwetu wako wengi wanaofanya kazi hiyo hiyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mimba ya pili, ya kufanywa mapema wala si mwezi wa tisa, ni kuitafuta karatasi ile kwa mama mkwe. Inachotafutwa ni vitu vitatu: dalili zilianza siku ya ngapi, damu au maji ya mgongo yalichukuliwa kuoteshwa, na kama yalichukuliwa, nini kilimea. Karatasi ikikosekana, hospitali iliyomlaza mtoto inaweza kuwa na faili. Jibu likipatikana, liandikwe kwenye kijitabu cha kliniki cha mimba hii, kwa maneno kamili na mahali panapoonekana: mtoto wa kwanza aliugua GBS, apewe antibiotiki kwenye uchungu. Kijitabu ndicho kinachosafiri na mama. Sista aliyemsikiliza kliniki huenda hayupo zamu usiku ule, na mama mwenye uchungu mkali hasimulii historia.

Historia isipopatikana kabisa, mama anabaki na njia mbili: kupimwa wakati ukifika, au kuangaliwa dalili za hatari kwenye uchungu. Dalili hizo ni uchungu kuanza kabla ya wiki 37, chupa kuwa imepasuka kwa masaa 18 au zaidi, au mama kupata homa ya nyuzi 38 na kuendelea wakati wa uchungu. Yoyote kati ya hizo inatosha kumfanya mkunga afikirie antibiotiki hata kama hakuna kipimo chochote.

Kijiti chenye pamba

Kipimo chenyewe ni chepesi, ila hufanywa vibaya mara nyingi. Wakati wake ni wiki ya 36 au 37, yaani wiki tatu hadi nne kabla ya tarehe ya kujifungua, kwa sababu jibu hutegemewa kwa muda wa wiki tano hivi. Ukipima mwezi wa sita umepoteza pesa.

Kijiti chenye pamba hupitishwa sehemu ya chini ya uke, karibu na mlango, bila kile chuma cha kupanulia. Kisha hupitishwa njia ya haja kubwa, ndani kidogo tu ya msuli. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayorukwa, kwa haya ya mama au haya ya anayempima. Lakini utumbo ndio makao ya bakteria hawa. Ukiruka nyuma utawakosa kina mama wengi walio nao na kuwapa karatasi ya uongo ya kuwatuliza. Kijiti kinachoingizwa juu kabisa kwenye mlango wa kizazi, kama kinachochukuliwa mama akilalamika uchafu, sicho. Mama anaweza kujichukulia mwenyewe nyuma ya pazia akishaelekezwa, na kwa wengi hilo humaliza suala la haya.

Kisha maabara. Bakteria hawa hawaonekani vizuri wakioteshwa kwenye sahani ya kawaida peke yake. Hutangulizwa kwenye mchuzi maalumu unaowazuia bakteria wengine, ndipo wakamea. Jibu huchukua siku mbili au tatu. Kabla ya kulipa, muulize mtu wa maabara iwapo wanaotesha GBS kwa njia hiyo, au wanaipeleka sampuli Mombasa. Kama inasafirishwa, kijiti kikae kwenye kichupa chake chenye ute wa kuhifadhia na mahali pa baridi. Kikianikwa kwenye dirisha la basi kutoka Mokowe hadi Mombasa, jibu la kwamba hakuna bakteria halina maana.

Na jambo moja la kuandika kwenye karatasi ya maombi: kama mama ana mzio wa penisilini. Maabara itajua kuwapima bakteria na dawa mbadala, kwa sababu klindamisini, inayotumiwa badala yake, mara nyingi imeshazoewa na GBS. Ila mzio wenyewe uchunguzwe vizuri. Kichefuchefu na kuharisha si mzio. Kuvimba uso, vipele vya ghafla mwili mzima, kubanwa pumzi, hayo ndiyo ya kuogopwa. Wengi wanaosema wana mzio wa penisilini, wakipimwa hukutwa hawana, na kuikosa penisilini bila sababu ni hasara, kwa kuwa ndiyo dawa iliyo bora hapa.

Saa na maji

Sasa uchungu. Kiwango kinachotumika Marekani ni penisilini ya mshipa uniti milioni 5 kwa kuanzia, halafu milioni 2.5 hadi 3 kila baada ya masaa manne mpaka mtoto atoke. Ampisilini hutumika pia, gramu 2 kisha gramu 1 kila masaa manne. Mama hahitaji kukariri namba hizi. Akumbuke tu kwamba saa ya dozi ya kwanza ndiyo inayohesabiwa, na iandikwe.

Kwa nini manne? Dawa hupita kondo na kufika kwa mtoto haraka, lakini ili ijae vya kutosha kwake na kwenye maji yanayomzunguka, na ili bakteria walio njiani wapungue, muda huo ndio ulioonekana kutoa kinga nzuri. Dozi iliyoingia masaa mawili kabla haiwi bure, husaidia kwa kiasi. Isipokuwa daktari wa watoto hataitegemea. Mtoto ataangaliwa kwa makini zaidi. Hakuna mkunga atakayemzuia mtoto asizaliwe ili dawa itimize saa zake, na asitokee wa kumwambia mama abane miguu.

Mama anayekaa Mkomani au Langoni, mjini Amu, yaani mji wa Lamu, ana safari fupi ya kufika Hospitali ya King Fahd. Aende uchungu unapoanza kupangika, asingoje “uive” kama alivyoshauriwa mara ya kwanza. Shangazi atakuwa na maneno, kwamba mimba ya pili mtu hazalii hospitali siku nzima, kwamba atarudishwa. Arudishwe. Kurudishwa mara moja ni afadhali kuliko kufika mtoto anachungulia.

Mama wa kisiwa cha Pate ndiye mwenye hesabu ngumu. Kutoka Faza kwenda Amu chombo hupita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, na maji yakipwa manahodha huukwepa au hungoja. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa mida ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Uchungu ulioanza baada ya Isha unakutana na Mkanda ukiwa mkavu. Na miezi ya kusi ikichachamaa, kuzunguka kwa nje si jambo la kumfanyia mama mjamzito. Kwa hiyo mama, akishajua tarehe yake ya kujifungua, aiangalie pia kwenye kalenda ya mwezi. Tarehe hizo hazimwambii mtoto azaliwe lini, lakini zinamwambia mumewe ni usiku upi akizubaa atakwama.

Kwanza, anayeweza aje Amu mapema, akae kwa ndugu wiki mbili za mwisho. Si jambo geni, kina mama wa visiwani wana jamaa mjini na wenyeji wamezoea kuwapokea. Asiyeweza, kwa sababu ana mtoto mdogo, ana mifugo, mume yuko baharini, basi aulize kituo cha karibu swali hili wiki ya 36, ana kwa ana: “Nikija na uchungu usiku, mtanianzishia penisilini hapa kabla ya kunipandisha boti?”

Swali hilo lina nguvu kuliko linavyoonekana. Dozi ya kwanza haihitaji chumba cha upasuaji wala daktari bingwa. Inahitaji nesi, dawa, kanula (kimrija cha mshipani) mkononi, na dawa ya dharura karibu endapo mwili utaikataa. Ikiingia Faza saa tatu usiku, masaa yanaanza kuhesabiwa pale pale, mama akingoja maji yajae, akiwa njiani, akishushwa gatini Amu. Kanula ibaki mkononi, saa ya dozi iandikwe kwenye kijitabu, wa Amu waendelee walipoachia wenzao. Na kama uchungu umekwenda mbio, azalie pale pale Faza, kwenye kituo na si kwenye chombo. Dawa imeshaingia.

Chupa ikipasuka kabla ya uchungu, kwa mama anayejulikana ana GBS hakuna kusubiri nyumbani kuona kama tumbo litaanza kuuma. Ile kawaida ya masaa 18 ni kwa wasiojua hali yao. Yeye aende mara moja, aanzishiwe dawa, na mimba ikiwa imetimia, uchungu huanzishwa bila kuchelewa. Anayefanyiwa upasuaji uliopangwa, chupa ikiwa nzima na uchungu haujaanza, hahitaji dripu hii kwa ajili ya GBS.

Kuhusu njia za mkato nitapita haraka. Vidonge vya antibiotiki mwezi wa nane havisaidii kumkinga mtoto, kwani bakteria wanarudi kutoka utumboni kabla ya uchungu. Kuosha uke kwa klorheksidini wakati wa uchungu kumejaribiwa kwa maelfu ya kina mama na hakukuzuia maradhi haya, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi. Shabu, ndimu na kitunguu saumu havina hata majaribio ya namna hiyo ya kusimamia. Shabu na ndimu huunguza tu.

Mtoto akishatoka

Mama na mtoto wakae kituoni masaa 24 angalau, hata kama kila kitu kinaonekana shwari na nyumbani uji umeshaiva. Hayo ndiyo masaa ambayo ugonjwa wa mapema hujionyesha zaidi. Mtoto akizaliwa kabla dawa haijatimiza muda, au kama ndugu yake aliugua, aombewe kuangaliwa kwa makini zaidi: joto, pumzi, kunyonya, rangi. Kunyonyesha hakukatazwi, aanze saa ile ile.

Dripu ya uchungu kinga yake inaishia kwenye wiki ya kwanza. Ipo GBS ya kuchelewa, kuanzia siku ya saba hadi karibu miezi mitatu, na hiyo haizuiliwi na penisilini ya uchungu. Hushika utando wa ubongo, yaani homa ya uti wa mgongo, mara nyingi zaidi kuliko ile ya mapema. Inaangukia ndani ya arobaini, wakati mama yuko ndani, nyumba imejaa wakubwa, na kila mmoja ana dawa yake. Mtoto akishtuka na kukakamaa, atasikika mtu akisema ni nyuni, ni dege, aitwe wa kumsomea. Sina ugomvi na kisomo. Kisomo kinaweza kusomwa boti ikiwa njiani.

Dalili za kuangalia ni za macho na mikono, hazihitaji kifaa. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri anaacha, au analala hadi anapitwa na nyakati mbili za kunyonya na haamki akiguswa miguu. Analegea kama kitambaa. Anaguna kila anapotoa pumzi. Anakuwa wa moto, au wa baridi, na kwa mchanga baridi ni mbaya sawasawa na moto. Utosi unavimba. Pumzi zihesabiwe akiwa ametulia, hanyonyi wala halii: mfunue kifua, tazama tumbo linavyopanda na kushuka, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, kwa kuwa mchanga huhema mbio kidogo kisha akatulia na nusu dakika itakudanganya. Ikifika 60 au zaidi, rudia. Ikirudi hiyo hiyo, ondokeni.

Mkifika, usimwambie nesi kwamba mtoto ana homa tu. Mwambie umri wake kwa siku, ameacha kunyonya tangu saa ngapi, kwamba ulikuwa na GBS, na ulipewa dawa saa ngapi kabla hajazaliwa. Na umwombe damu ichukuliwe ya kuotesha, kama wanaweza, kabla ya sindano ya kwanza, ila sindano isicheleweshwe kwa ajili hiyo.